Ukungu Kwenye Magogo ya Tangi la Kaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya wafugaji wa kaa wa nchi kavu wa jenasi Coenobita, wale wanaobeba kombe tupu la konokono mgongoni na kuishi kwenye tangi la kioo lenye mchanga, maji na vipande vya miti vya kupanda. Karibu kila anayewafuga hukutana na ukungu mapema, na wengi hukimbilia kulikausha tangi. Tangi likikauka, ukungu hudhoofika kidogo na kaa huumia sana. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanahusu mti wenyewe, mahali unapokaa, mzunguko wa hewa na mabaki ya chakula.

Mti ulikuwa mkavu na msafi nilipouleta. Mbona umeota ukungu ndani ya siku chache?

Spora za kuvu, yaani chembe ndogo sana zinazootesha kuvu mpya, zimo katika hewa ya kila nyumba, na mti wako uliingia tangini ukiwa nazo tayari. Zilikuwa zimelala kwa sababu hazikuwa na maji. Ndani ya tangi zimepata kila kitu kwa mpigo: unyevu wa asilimia 80 hivi, joto la nyuzi 24 hadi 29 za Selsiasi, hewa isiyosogea, na chakula. Chakula chenyewe ni sukari na wanga vilivyobaki ndani ya mti, hasa kwenye tabaka la nje lililokuwa likipitisha maji mti ulipokuwa hai. Kuvu nyepesi za mwanzo huanza na hivyo kwa kuwa ni rahisi kuyeyusha. Selulosi na kiini kigumu cha mti huachiwa kuvu nyingine, zinazofanya kazi polepole zaidi.

Kwa hiyo mti mpya huota manyoya meupe kwa kasi, na baada ya wiki kadhaa hutulia hata kama hukuugusa. Sukari imekwisha. Mfugaji asiyelijua hili hubadilisha mti kila unapoota ukungu, na kila mti mpya huja na sukari yake.

Nikipunguza unyevu hadi asilimia 60, si ukungu utakufa?

Utapungua, lakini usifanye hivyo. Kaa hawa hupumua kwa matamvua yaliyobadilika ili kutumia hewa, na matamvua hayo hufanya kazi yakiwa majimaji tu. Kiwango kinachowafaa ni asilimia 75 hadi 85. Kikishuka chini ya 70 kwa muda, kaa huanza kukosa pumzi taratibu: huzubaa, hukaa nje ya kombe ovyo, hukataa kula, na mwishowe hufa bila mfugaji kuona kilichomuua. Kuvu, kwa upande wake, haifi kwa ukavu. Inalala na kuacha spora, nawe ukirudisha unyevu inaamka.

Unyevu basi hauguswi. Yanayobadilishwa ni mengine.

Nitajuaje kama kipima unyevu changu kinasema kweli?

Swali zuri, maana tangi nyingi zenye "asilimia 80" zina 90, na ukungu wake hautokani na bahati mbaya. Vipimo vya mshale ni vya kuonea huruma. Nunua cha kidijitali kisha ukipime kwa chumvi. Weka chumvi ya kawaida ya mezani kwenye kizibo cha chupa, dondoshea maji kidogo hadi iwe tope zito bila kuyeyuka yote. Ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko au kopo lisilopitisha hewa, uiache usiku kucha hadi mchana wa siku ya pili katika joto la kawaida la chumba. Hewa iliyo juu ya tope la chumvi hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 70, ujue kinapunguza 5, nawe uongeze 5 kila unapokisoma. Kikisoma 82, utoe 7.

Usikiweke juu kabisa karibu na kifuniko. Mahali pake ni karibu na mchanga, usawa wa kaa wenyewe.

Ukungu wenyewe una madhara kwa kaa?

Ule mweupe wa manyoya kwenye mti mpya, kwa kaa mwenye afya, hapana. Kaa hawa porini hula matunda yaliyooza, majani makavu, magome na miti iliyolainishwa na kuvu. Utawaona wakikwangua manyoya hayo kwa kucha na kuyatia mdomoni. Mimi huuchukulia kama taarifa zaidi kuliko ugonjwa. Unasema mahali fulani pamelowa kuliko inavyotakiwa, au hewa haisogei, au kuna chakula kimefichwa.

Ninaouondoa bila kubishana ni ukungu ulioota juu ya chakula, ukungu unaosambaa kutoka kwenye mti kwenda mchangani, na ule unaotoa vumbi la rangi ukiguswa. Vumbi hilo ni spora kwa wingi.

Rangi zinamaanisha nini? Nina mweupe, kijani na mweusi kwa pamoja.

Rangi haitoshi kutambua aina ya kuvu, lakini inakusaidia kuamua la kufanya. Nyeupe kama pamba ni nyuzi changa zinazotafuta chakula. Kijani au kijani-buluu chenye unga ni kuvu iliyokomaa na kuanza kutoa spora. Jenasi kama Penicillium na Trichoderma huonekana hivyo. Hiyo toa mti nje uusafishe. Nyeusi huja katika sura mbili: madoadoa makavu yaliyoshika mti, ambayo mara nyingi ni doa la zamani tu, na utelezi mweusi unaonuka, ambao ni dalili kwamba mti unaoza kwa kukosa hewa. Utelezi ndio mbaya.

Ute wa njano au wa rangi ya chungwa unaohama mahali kati ya asubuhi na jioni wala si kuvu. Ni kiumbe kingine kinachokula bakteria na spora, na hutoweka chenyewe. Uyoga ukichomoza kwenye gogo au mchangani, ung'oe kabla kofia yake haijafunguka.

Kuna ganda jeupe gumu kwenye gogo lililo karibu na bakuli la maji ya chumvi. Ni ukungu pia?

Dondoshea tone la maji. Likiyeyuka ni chumvi, wamelileta kaa kwa miguu yao. Likilala kama pamba iliyolowa ni kuvu. Lisipofanya lolote kati ya hayo huenda ni chokaa kutoka kwenye maji magumu.

Chumvi kavu kwenye gogo ina habari yake: katika hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 75, chumvi hufyonza maji hewani na kulowa. Ukiiona imekauka na kumetameta, hewa ya sehemu hiyo ni kavu kuliko unavyodhani. Pima tena pale.

Ni miti gani isiyoota ukungu?

Haipo. Iko inayochelewa na inayowahi.

Mzabibu mkavu ndio unaosumbua kuliko yote. Una umbo zuri la kupanda, matawi yanapinda vizuri, na kwa sababu hiyo huuzwa sana kwa tangi za wanyama, lakini umetengenezewa mazingira makavu ya mijusi wa jangwani. Ndani ya unyevu wa asilimia 80 huota manyoya, hutulia, huota tena, kisha hulainika. Mifupa ya kaktasi yenye matundu, ile mirija myepesi kaa wanayoipenda kupita ndani, nayo huota ukungu mwanzoni na huliwa taratibu na kaa wenyewe. Ihesabu kama chakula kinachoisha. Gome linalotengenezewa vizibo vya chupa ndilo chaguo langu la kwanza, kwa kuwa lina nta ya asili inayolizuia kufyonza maji. Magogo mazito yaliyokaa majini muda mrefu hadi yakabaki kiini kitupu hufuata, kwa sababu maji yamekwisha kumaliza sukari yake.

Epuka kabisa misonobari, mierezi na jamaa zao wenye utomvu wa kunukia. Mafuta yao huwadhuru wadudu na kaa pia. Usitumie mbao zilizopakwa rangi, vanishi au dawa ya mchwa, wala usizisamehe kwa sababu ni za zamani. Dawa za mbao nyingi huwa na shaba, na shaba ni sumu kwa kaa hata kwa kiasi kidogo.

Niuandaeje mti kabla ya kuuweka?

Sugua kwanza kwa brashi na maji ya moto, bila sabuni. Sabuni huingia kwenye vinyweleo vya mti na haitoki.

Kisha uchemshe. Kipande chembamba nusu saa kinatosha. Kinene saa moja hadi mbili. Maji yatageuka rangi ya chai kwa sababu ya tanini, yamwage uweke mengine. Kuchemsha hufanya kazi mbili: joto linaua spora na mayai ya wadudu, na maji yanatoa sehemu ya ile sukari. Ya pili ndiyo yenye faida ya kudumu. Spora utakazoziua leo zitarudi kesho kwa njia ya hewa, lakini sukari iliyomwagwa na maji haitarudi. Wala usichemshe mti huohuo tena na tena kwa kutwa nzima. Nyuzi zake hulegea na utaoza mapema zaidi.

Baada ya hapo uukaushe. Hapa ndipo haraka huharibu kazi yote, maana gogo lililochemshwa hukauka nje kwa siku moja huku katikati likiwa bado limejaa maji, na ukilifungia tangini katika hali hiyo umeliandalia kuvu karamu. Lianike mahali penye jua na upepo kwa siku kadhaa. Lipime kwa mkono: likiacha kupungua uzito, limekauka. Ukiwa na oveni, nyuzi 100 hivi kwa muda wa saa moja zinamalizia vizuri, ila usitoke jikoni. Maikrowevu usiijaribu, huupasha mti kutoka ndani na unaweza kuwaka kabla hujaona moshi.

Gogo langu ni kubwa, haliingii kwenye sufuria wala oveni.

Limwagie maji yanayochemka pande zote mara kadhaa, liloweke kwenye beseni la maji ya moto siku moja au mbili ukibadilisha maji, kisha lianike juani kwa muda mrefu zaidi. Litaota ukungu kidogo ukiliweka. Vumilia.

Nimesikia kuloweka kwenye maji ya chumvi kunazuia ukungu.

Kuna ukweli ndani yake. Chumvi nyingi huinyima kuvu maji, na kaa hawa wanahitaji chumvi ya bahari, kwa hiyo haiwadhuru. Lakini kumbuka lile jambo la chumvi kulowa kwenye hewa inayozidi asilimia 75. Gogo lililoshiba chumvi, likiwekwa kwenye tangi la asilimia 80, hufyonza maji hewani usiku na mchana. Litakuwa limelowa muda wote, na likishadondosha chumvi yake mchangani litabaki na maji matupu. Ukipenda kulitumia, liloweke kwenye maji ya chumvi ya akwariamu ya bahari kwa nguvu ileile ya bakuli lao la maji ya chumvi, si zaidi, kisha ulikaushe kabisa. Chumvi ya mezani yenye madini joto na viungio vya kuzuia kuganda usiitumie kwa hili.

Niweke wapi mti ndani ya tangi?

Mahali popote ambapo hewa inaupitia pande zote. Hili huamua mengi kuliko aina ya mti.

Gogo lililozikwa nusu mchangani hufyonza maji kutoka chini kama utambi wa taa, na sehemu iliyo chini haikauki kamwe. Likilala limegusa mchanga kwa urefu wake wote ni hivyohivyo. Linyanyue: liweke juu ya mawe laini bapa, au lifunge kwa vifungio vya plastiki kwenye wavu wa plastiki ulioegemezwa ukutani, au lining'inize kutoka juu kama kifuniko chako kinabeba uzito. Lazima lishikike imara, kwa kuwa kaa huchimba chini ya kila kitu, na gogo zito likishuka kwenye shimo huweza kumbana aliye chini. Liweke vilevile mbali na bakuli za maji. Kaa hutoka majini na kombe limejaa, hupanda gogo la kwanza analolikuta na kulimwagia. Ukiona ukungu wa mstari unaofuata njia moja, huenda ni njia yao hiyo.

Mti usioegemea kioo una maisha marefu zaidi. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

Kioo kinatoa jasho kila asubuhi, na mti unaokigusa ndio unaoota. Kwa nini?

Hewa yenye joto la nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha matone ikigusa kitu chenye nyuzi 23 hivi au chini yake. Chumba kikipoa usiku hadi 20, kioo cha tangi kinafuata, na jasho linatiririka hadi kwenye mti ulioegemea hapo. Kipimo chako katikati ya tangi kitaendelea kusema 80, huku upande ule ukiwa asilimia 100 usiku kucha.

Dawa ni kukipasha kioo. Pedi ya kupasha joto ibandikwe nje ya ukuta wa nyuma, juu ya usawa wa mchanga, kisha upande wake wa nje ufunikwe kwa kitu kinachohifadhi joto. Kuta nyingine, hasa inayotazama dirisha, zinaweza kufunikwa pia. Usiiweke pedi chini ya tangi: hupika mchanga pale ambapo kaa hujizika, na huinua mvuke unaokwenda kuganda juu. Jasho kidogo si tatizo. Mifereji ndiyo tatizo.

Nifungue kifuniko ili hewa iingie?

Ukifungua, unyevu unatoka. Unachotaka ni hewa isogee humohumo ndani bila kutoka nje. Njia nyepesi ni pampu ndogo ya hewa yenye jiwe la mapovu ndani ya kila bakuli la maji. Husukuma hewa, huongeza unyevu, na huzuia maji kuchacha. Wengine huweka feni ndogo ya kompyuta juu, ikizunguka polepole na kupuliza kuelekea ukutani, ikiwa imezibwa kwa wavu ili kucha zisiingie. Kama pembe moja ya tangi huota ukungu kuliko nyingine zote, hewa haifiki hapo. Sogeza feni kabla hujafikiria dawa yoyote.

Kufungua kifuniko kwa dakika chache unapoweka chakula kunatosha kwa hewa mpya.

Ninyunyizie maji mara ngapi?

Ikiwezekana, usinyunyizie. Tangi lililozibwa vizuri, lenye bakuli mbili za maji za kutosha kaa kuzama na tabaka la mchanga lenye unyevu, hujitosheleza. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 5 za mchanga kwa sehemu 1 ya unga wa makumbi ya nazi, kina kisichopungua sentimita 15 au mara 3 ya urefu wa kaa mkubwa, uliolowa kiasi cha kushikamana ukiufinya bila kutoa maji. Maji ya kunyunyiza kila siku hayabaki hewani. Hushuka, hulowesha magogo yakipita, kisha hukusanyika chini ya mchanga na kuufanya uoze.

Ukiona unalazimika kunyunyiza kila siku ili kufikia 80, kuna mahali kifuniko kinavuja. Kizibe.

Chakula kinahusianaje na ukungu wa mti?

Kaa ni wachafu mezani. Hubeba kipande cha tunda au dagaa hadi juu ya gogo, hula robo, na kingine hukisukumia kwenye ufa. Ukungu unaoanzia kwenye ufa na kusambaa kwa duara huwa umeanzia kwenye chakula cha namna hiyo. Weka kidogo jioni kwa kuwa hula usiku, toa kilichobaki kabla ya saa 24 kwisha, na kila wiki pitia mianya ya magogo kwa tochi na koleo. Vyakula vikavu kama majani ya miti na mbegu vinaweza kukaa muda mrefu kidogo, lakini sahani iwe mbali na mti.

Mikiafyatuo ni wadudu gani, na kweli wanakula ukungu?

Ni viumbe vyeupe vya milimita 1 hadi 2, na wengi wao wana kiungo cha kujirusha kilichokunjwa chini ya tumbo. Wanakula kuvu na vitu vinavyooza, hawamgusi kaa aliye hai, hata yule laini aliyetoka kujivua gamba. Ndilo suluhisho ninalolipendekeza kuliko mengine yote. Wakishazaliana hutaona ukungu isipokuwa kwa siku chache unapoleta mti mpya, na wanafika kwenye mianya ambayo brashi yako haifiki.

Wanunue kama kundi lililokwisha kufugwa, kwenye makaa au unga wa makumbi uliolowa, uwamwage karibu na gogo lenye ukungu. Usiwatafute chini ya majani ya bustani: utaleta pia utitiri, mayai ya wadudu wengine na labda mabaki ya dawa. Wape wiki kadhaa kabla ya kusema wameshindwa. Na usisafishe mti mpaka ung'ae halafu ushangae wamekufa njaa.

Aizopodi, wale wa kijivu wanaokaa chini ya magogo na baadhi yao hujikunja wakiguswa, husaidia kwa mti unaooza zaidi kuliko kwa manyoya ya ukungu. Si lazima.

Nimeona vidoa vinavyotembea kwenye ukungu. Ni mikiafyatuo wamekuja wenyewe?

Huenda, au ni utitiri. Puliza taratibu: wakiruka ni mikiafyatuo, wakiendelea kutembea polepole na wana umbo la duara ni utitiri. Utitiri wa ukungu hula kuvu na hupungua kuvu ikipungua. Wakionekana wamejishika kwenye viungo vya kaa, hiyo ni habari nyingine, mtu atafute msaada.

Naweza kutumia siki, haidrojeni peroksaidi au klorini ya kufulia?

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ndiyo, mti ukiwa nje ya tangi. Ipake, iache ichemke mapovu, suuza kwa maji yaliyoondolewa klorini, kausha. Huvunjika na kubaki maji na oksijeni, ndiyo maana naiamini. Siki nyeupe pia inafaa nje ya tangi, ila harufu yake hukaa. Suuza sana na uanike hadi usiisikie.

Klorini ya kufulia siitaki kwenye mti. Mti huinywa na kuitoa kidogokidogo katika hewa ileile inayopita kwenye matamvua ya kaa. Na kwa hali yoyote usiichanganye na siki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwako kabla ya kuwa sumu kwa kaa. Dawa za kuua kuvu za bustanini na bafuni zisikaribie tangi, hata zile zilizoandikwa kuwa ni za asili.

Ukungu umeshaota leo. Nianzie wapi?

Kama ni mweupe, mdogo, na mti ni mpya, acha. Au ufute kwa mswaki uliolowa.

Kama umekolea, toa gogo taratibu ukihakikisha hakuna kaa ndani ya matundu. Wanajibana vizuri, kwa hiyo angalia kwa tochi na usisugue kwa pupa. Lilowanishe kabla ya kulisugua, kwa sababu brashi kavu hurusha spora kwenye chumba chote. Mwenye pumu au mzio avae barakoa na aifanyie kazi hii nje. Chemsha, kausha kabisa, na usilirudishe palepale hadi umejua palikuwa na kasoro gani. Chunguza mchanga wa pale: ukiwa na nyuzi nyeupe, toa tabaka la juu la sentimita moja au mbili tu.

Gogo lenye ukungu liko juu ya mahali kaa alipojizika kujivua gamba. Nilitoe?

Usichimbe. Kaa anaweza kukaa chini wiki kadhaa, mkubwa miezi, na katika kipindi hicho ngozi yake ni laini; mtikisiko wa mchanga unaweza kuangusha pango lake. Kama gogo limelala juu tu na linanyanyuka bila kusogeza mchanga, linyanyue. Kama limezikwa, liache na ukungu wake, ongeza mikiafyatuo hapo, elekeza hewa upande huo, na subiri kaa apande mwenyewe.

Tangi linanuka. Ni ukungu?

Ukungu na mti unaooza vizuri hunuka udongo wa msituni baada ya mvua, na hiyo haina shida. Harufu ya mayai yaliyooza inatoka chini: mchanga umejaa maji na hauna hewa, mara nyingi chini ya gogo lililozikwa. Harufu kali ya samaki aliyeoza, hasa ikitokea sehemu moja, huenda ni kaa aliyekufa au chakula cha baharini kilichofichwa. Anza na chakula.

Mti umekuwa laini na unamomonyoka, lakini hauna ukungu. Niutupe?

Kama ni wa kupanda, uondoe, usije ukaanguka na kaa. Vipande vyake visivyonuka vivunje na uviache pembeni ya mchanga, watavila.